Mawe Yaliyolala Kashilu

Katika safari ya tano, boti ilipopita mbele ya Kashilu, Adolphine alikuwa ameinamia sufuria ya bukari, ugali wa kwao.

"Mama, kuja! Njo pale, miti tatu!" Simone, binti yake, aliita kutoka mbele ya boti, akionyesha michikichi mitatu, alama ya Kashilu.

"Niko nakuja."

Lakini bukari ya watu sita haiachwi katikati. Ukiiacha hata kidogo inashika vibonge, na wanaume waliovuta kamba tangu alfajiri hawali vibonge kimya kimya. Adolphine akasonga, akageuza, akasonga tena, moshi wa mbabula, lile jiko la makaa, ukimwingia machoni. Alipomaliza alifuta mikono, akapanda ngazi tatu zilizotoka pale penye jiko, kando ya injini, akatazama pwani. Aliona mafunjo. Nyuma ya mafunjo aliona mafunjo mengine.

"Imeshapita," Simone alisema. Alikuwa na miaka tisa, na bado aliamini kwamba mtu mzima akitaka kitu anakipata. "Nilikuita."

"Nilisikia, mwana yangu."

Kunda, mshika usukani, alikohoa kicheko chake cha tumbaku. Alikuwa mzaliwa wa kandokando ya ziwa na aliwaona watu wa Élisabethville wote kuwa watoto, hata wenye mvi. "Ba mama, weye ziwa unaijua paka kwa ndoo, kwa ndoo tu. Siku itakauka utashangaa: ee, kumbe kulikuwaka maji!"

Wote walicheka. Adolphine naye alicheka, maana ilikuwa kweli. Miezi miwili alikuwa akiishi juu ya maji, akilala juu ya maji, akipika na kufua juu ya maji, na kama ungemuuliza ziwa linafananaje angekuambia kina cha ndoo na uzito wake.

Mume wake, Désiré, ndiye aliyemshawishi. "Tutaishi juu ya maji sawa Bazungu ba vakansi," alimwambia siku ile nyumbani, cité ya Kenya, mtaa wa Waafrika pale Élisabethville, huku akifunga sanduku. "Utavaa robe yako ya bluu, utakaa mbele, utaangalia." Robe ya bluu, gauni lenye kola nyeupe alilolishona mwenyewe kwenye masomo ya akina mama, ilikuwa bado imekunjwa chini kabisa ya sanduku. Haikuwa na doa hata moja. Magauni mengine yote yalikuwa na magamba.

Kazi ya boti ilikuwa hivi. Walipakia barafu Kasenga, wakateremka na mto Luapula mpaka ziwa Mweru, wakapita kambi moja baada ya nyingine wakikusanya samaki wabichi, kisha wakapanda kurudi Kasenga, ambako malori yalingoja kuwapeleka samaki hao kwenye soko la Élisabethville. Samaki walilala ndani ya tumbo la boti, chini ya kifuniko cha mbao, wamefunikwa barafu na vumbi la mbao. Barafu iliyeyuka muda wote, na maji yake yalikwenda chini. Samaki akilala katika maji hayo kwa muda mrefu analegea, na akishalegea hakuna barafu itakayomrudisha. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili mtu alishuka na ndoo kuyatoa. Mtu huyo alikuwa Adolphine. Hakuna aliyempangia kazi ile. Ndoo ilikuwa karibu na sufuria, na sufuria ilikuwa yake.

Bwana Stavro, Mgiriki mwenye boti, hakumlipa. Alimpa chumba cha nyuma, chenye upana wa kitanda na nusu, akisema hicho ndicho malipo. Na Désiré mwenyewe alikuwa kwenye majaribio. "Safari sita," Bwana Stavro alimwambia. "Sita bila samaki kuoza, nakupa kontra, kazi ya kudumu. Na nyumba ya bati hapa Kasenga." Désiré alikuwa fundi mzuri wa injini, lakini vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilibaki ndani ya mashine ya karakana moja ya mjini, na tangu siku ile karakana zote nyingine zilikuwa zikitazama mkono kwanza na mtu baadaye. Bwana Stavro peke yake ndiye aliyeanza kwa kusikiliza injini.

Safari nne zilikuwa zimekwenda salama, na hii ya tano ilikuwa karibu kwisha. Ilibaki moja.

"Ba mama," Kunda aliuliza walipokuwa wakila, "ile Kashilu unaitakia nini? Hakuna bantu kule. Hata nyani banaiogopa."

Adolphine alimwambia. Jirani yake pale Kenya, Victorine, ndiye aliyebaki akiwatunzia nyumba ili watu wa ofisi ya cité wasiione kimya wakampa mtu mwingine. Victorine alikataa kulipwa kitambaa, akakataa sabuni. Alisema, "Siombi samaki. Samaki iko ku soko. Unipelekee paka macho, macho tu."

Victorine alizaliwa Kashilu. Alikuwa na miaka minane wakati serikali ilipovihamisha vijiji vya ziwani kwa sababu ya ugonjwa wa usingizi. Askari walipiga kambi siku moja jioni, na kesho yake asubuhi watu walibeba walichoweza. Jiwe la kusagia halibebeki. Kabla ya kutoka, mama yake aligeuza jiwe lake akalilaza kifudifudi, uso ndani ya udongo, akasema: asisagie mtu hapa mpaka nirudi. Hakurudi. Alizikwa mjini, mbali na maji.

"Alisema niangalie kama ile jiwe ingali imelala," Adolphine alisema. "Basi. Niangalie tu, nimuambie."

Kunda aliacha kutafuna kidogo. "Mm," alisema, akachota tonge jingine. "Safari ya mwisho nitapita polepole."

"Na bukari?"

"Bukari tutakula na bibonge."

* * *

Safari ya sita haikuwa na haja ya kupita polepole. Walikuwa wakirudi na shehena kamili, jua likiwa limeanza kupanda, mara injini ikaguna, ikatetemeka, ikanyamaza. Wavu mkongwe, uliozama sijui mwaka gani, ulikuwa umejisokota kwenye panga linalozunguka chini ya boti. Kunda alichukua upondo akaisukuma boti taratibu mpaka pua yake ikagusa mchanga. Kisha akainua macho, akaona michikichi mitatu, akaanza kucheka peke yake.

"Ba mama! Kashilu imekukamata mwenyewe!"

Désiré alikuwa tayari amevua shati, ana kisu mkononi. Adolphine alisimama karibu yake.

"Baba Simone."

"Mm."

"Ni Kashilu."

"Naona."

"Itachukua wakati gani, ile kamba?"

Désiré aliyatazama maji. "Saa moja. Labda na nusu."

"Niende?"

Alitazama kifuniko cha tumbo la boti, na yeye Adolphine akakitazama pia.

"Na maji?"

"Nimetoka kuyatoa sasa hivi. Ndani kuko bukavu."

"Saa moja, Mama Simone. Ni safari ya sita."

"Saa moja."

Aliingia chumbani akafungua sanduku. Alipotoka, mmoja wa wanaume akapiga mluzi. Alikuwa amevaa robe ya bluu. "Nini?" alisema. "Naenda kusalimia mama ya mutu. Nitaenda na magamba?" Akamshika Simone mkono, wakaruka mchangani.

Njia ya wavuvi ilipanda kilimani kupitia nyasi. Simone alitangulia mbio. Adolphine alitembea akiona haya kidogo, kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi. Ilikuwa imezoea kushika kitu. Juu, karibu na michikichi, aligeuka kuvuta pumzi, na hapo ndipo alipoliona ziwa.

Lilikuwa pana kuliko alivyofikiri. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa na rangi ya chai, ya mbali yalikuwa ya fedha, na mwisho kabisa hukujua kama ni maji au mbingu. Kisiwa cha Kilwa kilikaa katikati kama mkate kwenye meza. Ndege weupe walipita chini ya pale aliposimama, akaona migongo yao, jambo ambalo hajawahi kuliona, ndege kwa upande wa juu. Boti yao ilikuwa ndogo kama ganda la karanga. Ndani ya ganda lile ndimo alimokuwa ameishi miezi miwili akisema hana nafasi.

"Mama, nimejikwaa!" Simone aliita. "Jiwe!"

Lilikuwa limefunikwa na kuvu, mgongo wake mviringo kama wa kobe. Adolphine alipiga magoti akalipapasa pembeni, akahisi pale ambapo uso wa jiwe uligusana na udongo. "Imelala," alisema. "Simone, ingali imelala!"

Angeweza kurudi wakati ule. Lakini alitaka kumwambia Victorine zaidi ya hapo. Alitaka kumwambia lile bonde ambalo mikono ya mama yake ililichimba kwa miaka ya kusaga lilikuwa na kina gani. Waliingiza kijiti, wakasukuma pamoja, jiwe likageuka. Bonde lilikuwa jeupe na laini kama sahani iliyooshwa.

"Mama," Simone alisema kutoka ndani ya nyasi. "Hapa iko ingine."

"Ingine nini?"

"Jiwe. Nayo imelala."

Adolphine alisimama. Akasukuma nyasi kwa mguu. Pale palikuwa na jiwe, na hatua kumi mbele palikuwa na jingine, na nyuma ya kichuguu palikuwa na mawili. Hapakubaki nguzo, hapakubaki hata majivu ya nyumba, lakini ungeweza kujua kila nyumba ilisimama wapi, kwa sababu mbele ya kila nyumba mwanamke alikuwa ameacha jiwe, na kila jiwe lilikuwa limelazwa kifudifudi.

"Ya koko, mama ya ba Victorine, njo gani sasa?" Simone aliuliza.

Victorine hakumpa alama nyingine. Alimwambia tu: utaijua, imelala. Adolphine aligeuza la pili kutafuta ishara, mkwaruzo, chochote. Akageuza la tatu. La nne lilikuwa na kona iliyovunjika. Alipofikia la saba akaacha, akaketi kwenye nyasi na robe yake ya bluu.

Mawe yalikuwa kumi na saba. Alihesabu, akahesabu tena. Na saba kati yao sasa yalitazama juu, mabonde yao meupe wazi, kama milango saba iliyoachwa wazi katika kijiji ambacho wenyewe wameondoka.

Chini, Kunda alianza kugonga debe. Ngo, ngo, ngo.

"Mama, banatuita."

"Nasikia."

Alirudi kwenye jiwe la kwanza. Chini yake palibaki shimo lenye unyevu, mizizi myeupe, na mayai ya siafu waliokuwa wakikimbia huku na huku. Jiwe lilikuwa zito kuliko mwanzo, kwa sababu sasa haikutosha kuliangusha tu. Lilipaswa kurudi pale pale, katika umbo lake lile lile, bila kuacha ufa wa mwanga. Lilikataa. Wakalizungusha. Mara likaingia, kwa sauti ndogo ya udongo kupokea. Simone akapumua. "Moja," alisema.

Debe liligongwa tena walipokuwa kwenye jiwe la tatu, na tena kwenye la tano. Jua lilikuwa kichwani. Adolphine aliijua ile sauti ilimaanisha nini, alijua safari ya sita ni nini, na ndani ya kichwa chake aliona maji yakipanda taratibu chini ya barafu. Kila alipotaka kusema basi, twende, aliliona jiwe linalofuata likitazama juu.

"Mama, bataona mbaya?" Simone aliuliza. "Wenye mawe?"

"Sukuma, mwana yangu."

Walipofika mchangani, Désiré alikuwa ameketi juu ya kifuniko, maji yakimdondoka, ndoo katikati ya miguu yake. Wavu ulikuwa umemchukua zaidi ya saa mbili chini ya maji. Watu wengine walimshikia kamba, au walilala kivulini. Ndoo ilikuwa ya Mama Simone, na hakuna mwanaume aliyeiona kuwa ni ndoo ya kushika. Désiré alipotoka majini ndipo alipoikumbuka, na alipofungua kifuniko vikapu vya chini vilikuwa vinaogelea.

"Ulisema saa moja."

"Nilisema."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Adolphine alitazama mikono yake. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika. "Nilikuwa narudisha mawe."

Désiré alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. Kisha akaenda kuwasha injini.

* * *

Bwana Stavro alikuwa na kidole gumba alichokiamini kuliko mizani. Pale bandarini Kasenga alishuka tumboni mwa boti mwenyewe, akabonyeza samaki mmoja mmoja. Vikapu vya juu, samaki walirudisha mwili. Vikapu vitatu vya chini, alama ya gumba ilibaki.

"Nani nachunga maji?"

Madereva wa malori walikuwa wamesogea, pamoja na wanawake wachuuzi waliokuwa wakingoja samaki wadogo. Kunda alikohoa. "Ni shiye bote, bwana. Kamba ilikamata..."

"Sikuulizi bote. Namuuliza moja."

"Ni miye," Adolphine alisema.

Bwana Stavro alipanda, samaki mkononi, akamsogezea puani, karibu mpaka ubaridi ukamgusa mdomo. "Nusa."

Alinusa.

"Inanuka nini?"

"Samaki, bwana."

Mchuuzi mmoja alicheka, akaziba mdomo. Bwana Stavro hakucheka. "Inanuka kontra ya bwana yako. Ulikuwa wapi?"

"Nilienda kuangalia."

"Kuangalia! Kuangalia nini?"

Angeweza kumweleza. Lakini samaki alikuwa bado mbele ya uso wake, watu walikuwa wakimtazama, na hakutaka mawe ya wale wanawake yawekwe pale, mezani pa samaki waliooza. "Kwabo bantu, kule balizaliwa," alisema.

"Na miye nakulipa uangalie?"

"Haunilipi, bwana."

Alilisema polepole, bila ubishi, kama mtu anayejibu akiulizwa jina lake. Wachuuzi waliangaliana. Hata Bwana Stavro alisimama kidogo, kana kwamba ameulizwa jambo ambalo hajawahi kuliweka kwenye hesabu yake. Kisha akamtupa samaki majini.

Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Aliwapa nafasi kwenye lori la usiku ule, juu ya magunia, na alimwachia Désiré mshahara wake isipokuwa bei ya vile vikapu vitatu. Lakini kontra alimpa fundi mwingine, na fundi huyo alikuwa na vidole kumi.

Kunda alikuja kuwaaga akiwa na mkungu mdogo wa chikichi. "Za Kashilu," alimwambia Adolphine. "Ilibingirika mpaka chini, nikaiokota wakati nilikuwa nagonga ile debe." Akasita. "Yalikuwa ngapi, ba mama?"

"Kumi na saba."

Mzee alitikisa kichwa, akaenda zake bila kutania.

* * *

Njia nzima Désiré hakusema neno. Lori lilivuka misitu, likaamka na jua, na karibu na mchana likaona bomba refu la kiwanda na kilima cheusi cha mabaki ya shaba, na Simone akapiga makofi kwa sababu ndiko nyumbani. Désiré aliutazama mji kama mtu anavyotazama mlango ambao aliwahi kufungiwa.

Victorine alikuwa amefagia uwanja. Ufunguo wa nyumba ulikuwa kwenye ncha ya kitenge chake, ulikokaa miezi yote miwili. Alikuwa ametengeneza munkoyo, kinywaji kile cha mahindi na mizizi, akawamiminia vikombe, akangoja wanywe kwanza, kama mtu mwenye adabu. Mikono yake ndiyo haikungoja. Ilikuwa ikikunja kitenge na kukikunjua.

"Uliona?"

"Niliona, ba Victorine."

"Ingali imelala?"

"Imelala." Adolphine aliweka kikombe chini. "Lakini haiko moja. Yote yamelala. Kumi na saba. Sikujua ya mama yako njo gani."

Victorine hakuelewa. Alimfanya arudie: yote? Ya kila nyumba? Kisha akakaa kwenye kizingiti cha mlango, taratibu, akishika ukuta.

"Miye nilizani ni mama peke yake," alisema. "Alitoka mbele jua haiyatoka, akasema nisisemee mutu. Alikuwa na haya. Batoto benzangu bangemucheka, mwanamuke anayelalisha jiwe sawa mutoto. Maisha yangu yote nilisema: mama yangu alikuwa na kichwa kigumu, njo alikuwa peke yake kufikiri tutarudia." Alianza kucheka, na machozi yakaja ndani ya kicheko. "Kumbe kila mwanamuke! Kila moja ku nyumba yake, mu giza, bila kuambia mwenzake!"

"Nilifunua saba," Adolphine alisema haraka. Hili ndilo alilokuwa akilibeba toka Kashilu, zito kuliko kontra. "Nilikuwa natafuta yake. Unisamehe."

Victorine aliacha kucheka. "Ukayaacha?"

"Nikayarudisha."

"Yote?"

"Yote. Kila moja pa fasi yake. Haikuingia vizuri, niliirudilia mpaka ikaingia."

Désiré alikuwa akipita na sanduku begani. Alisimama.

"Njo ilichukua ule wakati?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Kasenga.

"Njo ule."

Alisimama kidogo zaidi, sanduku bado begani, kama anayesikiliza injini. Kisha akaliingiza ndani.

Juma lile alizunguka akitafuta kazi. Alikwenda mjini, akaenda Makomeno kwa watu wa reli, na kila mahali walitazama mkono. Jumatatu iliyofuata alitoa nje vifaa vyake, akatandika gunia chini ya ukingo wa bati, akaanza kutengeneza baiskeli za majirani. Vidole vitatu na mkono mzima vilitosha kwa mnyororo na breki. Wa kwanza alilipa kwa mayai.

Jumapili mwanamke mzee asiyejulikana alisimama kwenye lango, amekuja kwa miguu kutoka upande wa Kampemba. "Niko natafuta mwanamuke wa mawe," alisema. Aliketi kwenye mkeka, akauliza alichokuja kuuliza, akaenda. Baada ya Misa ya Jumapili ya pili walikuja wawili. Victorine hakuwa amesema kwa watu wengi, lakini wanawake wa ziwani waliotawanyika katika mji ule walikuwa na njia zao za kupeana habari, sokoni, kisimani, kanisani, na kila mmoja alifika peke yake, akiangalia nyuma kidogo, kana kwamba haya ya asubuhi ile ya miaka arobaini iliyopita ilikuwa bado imewashika.

Désiré aliwasikia wote. Alikuwa na baiskeli iliyopinduliwa miguu juu, akizungusha gurudumu, na hakuinua kichwa.

Jumapili ya tatu alikuja mmoja aliyekuwa mzee kuliko wote, ameshikwa mkono na mjukuu. Magoti yake hayakukunjika tena. Adolphine alitandika mkeka, akaona aibu, kwa sababu mkeka ulikuwa chini sana, na hapakuwa na kitu kingine. Nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja chenye mgongo, cha Désiré, ambacho hata wageni wa kanisa hawakukikalia.

Gurudumu likaacha kuzunguka. Désiré alisimama, akapangusa mkono kwenye suruali, akaingia ndani. Alitoka na kiti. Alikiweka kivulini, akakitikisa kuona kama miguu yote minne imekaa sawa, akasogeza jiwe dogo chini ya mmoja.

"Mukae, ba mama," alisema. Kisha akamgeukia mke wake. "Mama Simone, muambie vizuri. Usiruke kitu."

Mjukuu alimshusha bibi yake kitini. Adolphine alimletea munkoyo, lakini mwanamke mzee alikisukuma kikombe kwa upole. Hatakunywa kwanza.

"Yangu ilikuwa karibu na kichuguu," alisema. "Kona moja ilivunjika. Bwana yangu aliiangusha siku tulioana. Uliiona?"

Adolphine aliiona tena, na nyasi zake, na udongo wake. "Niliiona, mama. Ilikuwa ya nne. Niliigeuza."

"Uliigeuza."

"Ndiyo, mama."

"Ukairudisha?"

"Nikairudisha. Kona iko upande wa maji, sawa vile mulivyoiacha."

Mwanamke mzee aliegemea mgongo wa kiti. Alitazama kilima cheusi cha kiwanda kwa muda mrefu, na moshi juu yake, na yeyote angeweza kuona kwamba haoni kilima wala moshi.

"Basi," alisema, akanyoosha mkono. "Leta ile munkoyo, ninywe."